Antoni Gaudí, Mjenzi wa Kanisa la Jamaa Takatifu

Katika nchi ya Hispania, upande wa Katalonia, alizaliwa Antoni Gaudí mwaka 1852. Baba yake alikuwa mfua shaba, naye mtoto aliona mapema jinsi bamba lililonyooka linavyopinda hata likawa chombo. Lakini baridi yabisi ilimshika miguu. Wenzake walipokimbia na kucheza, yeye aliketi, akayatazama yaliyo karibu: konokono na nyumba yake, majani, wadudu, mawe. Wengi hupita mahali kama hapo kila siku wasione kitu. Yule mgonjwa aliona, wala hakusahau.

Mwaka 1878 alipata shahada ya ujenzi mjini Barcelona. Siku zile alipenda mavazi mazuri, na matajiri walimwita awajengee nyumba. Mwaka 1883 alikabidhiwa kanisa la Jamaa Takatifu, lililoanzwa mwaka uliotangulia katika sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Kazi hiyo ikambadili polepole. Katika Kwaresima ya mwaka 1894 alifunga chakula hata akakaribia kufa, ikambidi padri rafiki yake amsihi ale. Katika jambo hilo asiigwe. Kanisa halimtaki mtu ajiue kwa njaa.

Kwake yeye viumbe vilikuwa kitabu cha Muumba, na kazi ya fundi ni kukisoma kwa unyenyekevu. Kwa ajili ya kanisa jingine dogo alifunga kamba juu, akatundika vifuko vyenye uzito, akaziacha zijipinde zenyewe. Alipoipiga picha na kuigeuza juu chini, aliona umbo la jengo lisiloanguka. Alitumia miaka kumi katika majaribio hayo. Nguzo za Jamaa Takatifu alizipanga zipande kama miti na kutoa matawi huko juu, ili mwenye kusali awe kama mtu aliye msituni, ambaye nuru humfikia kwa kupenya majani. Katika upande wa Noeli, nguzo mbili zabebwa na kobe na kasa: kobe ameelekea milima, kasa ameelekea bahari. Juu yao umesimama mti wa kijani wenye njiwa weupe. Hata punda aliyembeba Bikira Maria kwenda Misri alichongwa kwa mfano wa punda halisi wa mtaani.

Tangu mwaka 1914 hakushika kazi nyingine. Mwishoni alihamia karakana ya kanisa, akavaa nguo zilizochakaa. Alijua hataliona jengo limekwisha, wala hakuharakisha. Katika minara yote aliuona mmoja tu umekamilika, mwaka 1925.

Tarehe 7 Juni 1926, alipokuwa akienda kanisani kusali kama desturi yake, aligongwa na tramu. Watu walimdhania ombaomba, akapelekwa hospitali ya maskini. Marafiki walipompata kesho yake, alibaki humo humo. Alifariki tarehe 10 Juni, akazikwa chini ya kanisa lake.

Mwaka 1936, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, karakana ilichomwa na mifano yake ya plasta ikavunjwa. Mafundi waliookota vipande wakaviunga kimoja kimoja, wakaendelea kujenga. Tarehe 7 Novemba 2010 Papa Benedikto wa 16 alilitabaruku kanisa hilo, na Misa ikasomwa katikati ya nguzo zile zenye matawi.