Francesca Cabrini, Mama wa Wahamiaji

Upande wa kaskazini wa nchi ya Italia kuna mji mdogo uitwao Sant'Angelo Lodigiano. Huko alizaliwa Francesca Cabrini, tarehe 15 Julai 1850. Baba yake Agostino alikuwa mkulima, na mama yake aliitwa Stella. Watoto wengi walizaliwa katika nyumba ile, lakini wengi wao walikufa wakingali wadogo. Francesca alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, naye alikuwa dhaifu hata jamaa waliogopa kumpoteza. Wakambatiza siku ile ile.

Alikuwa na mjomba padri, jina lake Luigi Oldini, aliyekaa Livraga. Karibu na nyumba ya padri ulipita mfereji wa maji yaendayo mbio. Francesca alipokwenda kumtembelea mjomba, alikunja karatasi akafanya merikebu ndogo ndogo, akatia ndani maua ya zambarau, kisha akaziweka juu ya maji. Maua yale yalikuwa wamisionari wake, naye aliwatuma Uchina. Siku moja aliinama mno, akatumbukia. Walimtoa majini akiwa karibu kuzama. Tangu siku ile aliogopa maji, na hofu hiyo haikumtoka hata alipokuwa mtu mzima. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana mtoto huyu baadaye alivuka bahari kubwa zaidi ya mara 20.

Alisoma kwa masista, akapata cheti cha ualimu mwaka wa 1868. Aliomba kuwa sista, lakini walimkatalia kwa sababu ya afya yake. Akafundisha shule, akauguza wagonjwa wa ndui mpaka yeye mwenyewe akashikwa na ndui, kisha akatumwa kutunza yatima katika mji wa Codogno. Mwaka wa 1880, pamoja na wasichana 7, alianzisha shirika la masista wamisionari katika nyumba ya kale ya watawa. Kwa kumheshimu Mtakatifu Fransisko Saveri, aliyesafiri kwa merikebu mpaka India na Japani, alijiongezea jina lake. Nia yake ilikuwa ile ile ya utoto: kwenda Uchina.

Lakini zamani zile watu wa Italia wenyewe walikuwa wanahama nchi yao. Mashamba yalikuwa madogo na kodi ilikuwa nzito. Katika vijiji vingi vya kaskazini maskini walikula bugali wa mahindi asubuhi na jioni, bila nyama wala maziwa, na kwa hiyo wengi waliugua ugonjwa uitwao pelagra, unaoharibu ngozi na mwisho hata akili. Mawakala wa meli walipita vijijini wakisifu nchi za ng'ambo. Mtu aliuza ng'ombe na kipande chake cha shamba, akanunua tikiti. Tangu 1880 hata 1920 Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, na wengine wengi walikwenda Brazili na Argentina.

Askofu wa Piacenza, jina lake Scalabrini, aliona watu wake wakiondoka makundi makundi, akahuzunika. Alijua ya kuwa huko waendako hawana padri wa lugha yao, wala shule, wala mtu wa kuwatetea. Akamwomba Mama Cabrini apeleke masista New York. Mama Cabrini alisitasita, kwa sababu moyo wake ulikuwa Uchina. Alikwenda Roma kwa Baba Mtakatifu Leo XIII kuuliza shauri. Papa akamwambia asiende mashariki, bali magharibi. Basi neno likawa limekwisha.

Tarehe 23 Machi 1889 Mama Cabrini na masista 6 walipanda meli katika bandari ya Le Havre, Ufaransa. Meli iliitwa La Bourgogne. Ilikuwa meli ya moshi, ndefu kupita mita 140, nayo ilikula makaa ya mawe mchana na usiku. Chini kabisa, penye joto kali, wanaume walikaa vifua wazi wakitupa makaa motoni kwa koleo, zamu kwa zamu, bila kuona jua.

Watu wa Uvira na Kalemie wanajua mawimbi ya ziwa la Tanganyika, nao hawayachezei. Lakini ziwani milima ya ng'ambo huonekana. Katika bahari ya Atlantiki mtu alikwenda siku nane au zaidi, na kila asubuhi aliona maji tu, mbele na nyuma. Tena hiyo ilikuwa safari ya haraka! Katika siku za merikebu za tanga, wahamiaji walikaa baharini mwezi mzima na kupita.

Katika meli moja walisafiri kama watu wa miji miwili. Juu walikaa matajiri, wenye vyumba vyao, mazulia, na meza zenye vitambaa vyeupe. Chini walikaa wahamiaji. Walilala mamia pamoja katika vyumba vipana vyenye dari fupi, juu ya vitanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama mbao za kabati. Chakula walikipokea katika sahani za bati. Bahari ilipochafuka, mabaharia walifunga milango ya juu ili maji yasiingie, na hapo hewa pia haikuingia. Watoto walilia, wakubwa walitapika, taa ziliyumba. Wengi walikuwa wakulima ambao hawajapata kuiona bahari tangu kuzaliwa, nao walishika rozari kwa mkono mmoja na mzigo wao kwa mkono wa pili, wakidhani kila wimbi ni la mwisho.

Masista nao waliugua ugonjwa wa bahari, wakalala vitandani bila nguvu. Mama Cabrini, mwoga wa maji, ndiye aliyewahimiza wapande juu kuvuta hewa safi. Naye aliwaendea wahamiaji kule chini kuwasalimu kwa lugha yao na kuwatuliza. Katika safari hii na safari zake nyingine alikuwa na desturi ya kuandika barua ndefu melini. Aliwaandikia masista wake na wanafunzi wa kwao: jinsi bahari ilivyo siku ya shwari na siku ya tufani, nani ameugua na nani amepona, jinsi vilima vya barafu vinavyoelea majini. Barua hizo zilikusanywa zikapigwa chapa kuwa kitabu, nazo zinasomwa hata leo. Yeye aliyezifahamu hatari za bahari aliziandika kwa furaha, hata pengine msomaji husahau kwamba mwandishi alikuwa na hofu.

Meli ilifika New York Jumapili tarehe 31 Machi. Masista walitazamia kuonyeshwa nyumba yao. Nyumba haikuwapo. Usiku ule walipelekwa katika nyumba ya kupanga, chafu sana, vitanda vimejaa kunguni. Hawakuthubutu kulala. Walikaa vitini, wakasali mpaka kukapambazuka.

Asubuhi walikwenda kwa askofu mkuu, Corrigan. Naye alishangaa kuwaona. Alikuwa amewaandikia wangoje kwanza, kwa kuwa hakupatana na mwanamke tajiri aliyetaka kutoa nyumba ya yatima. Lakini barua ile ilipofika Italia, wao walikuwa wamekwisha kuondoka. Askofu mkuu akawaambia ya kuwa ni afadhali warudi kwao kwa meli ile ile. Hebu fikirini: wasichana 7 katika mji mgeni, lugha hawaijui vema, fedha kidogo, na mkubwa wa mahali anawaonyesha njia ya kurudi. Mama Cabrini alijibu kwa adabu ya kuwa Papa ndiye aliyemtuma, na kwa hiyo atabaki. Akamwonyesha barua zake za Roma. Askofu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliwatafutia mahali pa kulala kwa masista wengine, na baada ya majuma machache yeye na yule mwanamke wakapatana. Nyumba ya yatima ikafunguliwa.

Wahamiaji walikaa katika mitaa ya maskini, familia mbili au tatu katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Wanaume walichimba mitaro na kubeba matofali. Wanawake walishona nguo usiku kucha kwa ujira mdogo. Masista walipita mlango kwa mlango wakiomba mkate, nguo kuukuu, na vyombo kwa ajili ya yatima. Wenye maduka, ambao wao wenyewe walikuwa wahamiaji, waliwapa mboga na samaki. Darasa la kwanza lilifanyika kanisani, kwa kuwa shule haikuwapo.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule Mama Cabrini alirudi Italia kuchukua masista wengine, na mwaka uliofuata akavuka tena. Ndivyo alivyoishi tangu hapo. Katika mwaka wa 1890 alinunua nyumba ya mapadri mahali paitwapo West Park, juu ya mto Hudson, kwa bei nafuu, kwa sababu hapakuwa na maji ya kutosha. Baadaye maji yakapatikana palepale katika kiwanja. Mwaka wa 1891 alikwenda Nicaragua. Katika mwaka huo huo, kule New Orleans, kundi la watu wenye hasira lilivamia gereza na kuwaua Waitalia 11. Mwaka wa 1892 Mama Cabrini alipeleka masista katika mji huo. Mwaka huo pia alianzisha hospitali New York. Walianza kwa vitanda 10 tu, na masista wenyewe walilala chini sakafuni.

Mwaka wa 1895 alitaka kwenda Buenos Aires, katika Argentina. Alishuka kwa meli upande wa bahari ya Pasifiki mpaka Chile, kisha ilimbidi kuvuka milima ya Andes, yenye theluji, juu ya mgongo wa nyumbu. Mahali pamoja palikuwa na ufa katika njia. Mama Cabrini aliruka, miguu ikamponyoka, na kiongozi wa nyumbu akamdaka. Akazimia juu ya theluji. Alipozinduka akapanda nyumbu wake tena, na siku ya kwanza ya Desemba akafika Buenos Aires.

Safari za bahari hazikuwa mchezo, hata kwa meli kubwa. Ile La Bourgogne iliyomleta mara ya kwanza ilipotea tarehe 4 Julai 1898. Alfajiri, katika ukungu mzito karibu na kisiwa cha Sable, iligongana na merikebu ya tanga ya Kiingereza. Watu zaidi ya 500 walikufa. Mabaharia wengi walikimbilia mashua na kujiokoa, lakini katika wanawake karibu 300 waliokuwamo, aliokoka mmoja tu. Ni aibu kuitaja habari hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama Cabrini aliendelea kusafiri: Ufaransa, Hispania, Uingereza, na kurudi tena Marekani.

Alikuwa mwenye huruma, lakini hakudanganyika kwa urahisi. Huko Chicago alinunua hoteli kubwa aifanye hospitali. Aliona shaka juu ya vipimo vya kiwanja. Basi alfajiri, watu wangali wamelala, masista wakatoka na kamba, wakapima pande zote. Wakaona ya kuwa wauzaji wamekata kipande cha kiwanja kwa siri. Iliwabidi wauzaji kukirudisha. Hospitali ilifunguliwa mwaka wa 1905. Katika milima ya Colorado yeye na masista wake walishuka hata ndani ya migodi, chini ya ardhi, kuzungumza na wachimbaji Waitalia ambao hawakuweza kutoka siku za kazi.

Mwaka wa 1909, katika mji wa Seattle, aliapa na kuwa raia wa Marekani, yaani akawa mhamiaji kama wale aliowatumikia. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa ameanzisha nyumba 67, shule na hospitali na nyumba za yatima. Uchina hakufika kamwe.

Katika mwezi wa Desemba 1917 alikuwa Chicago, katika hospitali yake mwenyewe, amechoka kwa malaria iliyomrudia mara nyingi. Alisikia ya kuwa watoto wa shule ya Waitalia hawatapata peremende za Noeli, kwa sababu ya vita vikuu na ukosefu wa fedha. Akaagiza peremende zinunuliwe kwa gharama yake, akaketi kusaidia kuzifunga katika vifurushi. Tarehe 22 Desemba, siku tatu kabla ya Noeli, masista walimkuta katika kiti chake, akiwa katika saa ya kufa. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Tarehe 7 Julai 1946 Papa Pius XII alimtangaza kuwa mtakatifu, raia wa kwanza wa Marekani kupata heshima hiyo. Mwaka wa 1950 akafanywa msimamizi wa wahamiaji wote.