Johann Ludwig Krapf: Injili Kwanza

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 50 ya kwaya yetu, tumeona vyema kumkumbuka mtumishi mmoja ambaye kazi yake tunaila matunda kila Jumapili, ingawa wengi wetu tunalijua jina lake tu kutoka kwa vitabu vya shule.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea kazi ya umisheni mjini Basel, Uswisi, kisha akajiunga na shirika la CMS la Uingereza, ambalo lilimtuma Ethiopia mwaka wa 1837. Milango ilipofungwa huko, hakurudi kwao. Aligeukia pwani ya Afrika Mashariki. Alifika Zanzibar Januari 1844, na Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Baada ya miezi michache alihamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine.

Jaribu lilikuja mapema. Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawashika wote nyumbani. Rosine akafariki, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mamaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Walizikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Mtu angetarajia afungashe mizigo. Badala yake aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi lile ni ishara ya kazi iliyoanza, na kwamba wakati umefika wa kutuma watu zaidi.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, akianza na Mwanzo. Aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, mwanazuoni wa Kiislamu. Krapf aliketi miguuni pa mwenyeji ili ajifunze kusema vizuri kabla ya kuhubiri. Mwaka wa 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Tübingen. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, hizi hizi tunazozisoma katika kijitabu hiki.

Mwaka wa 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann. Agosti mwaka huo walipanda hadi Rabai kwa Wamijikenda, wote wawili wakiwa na homa, wakajenga makao ya kwanza ya misheni. Kutoka huko Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui. Wasomi wa Ulaya walibishana miaka mingi kama theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Krapf hakwenda Ukambani kutafuta milima. Alikuwa akitafuta njia ya kuwafikishia Injili watu wa bara. Aliporudi huko mwaka wa 1851, mwenyeji wake, Chifu Kivoi, aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana. Krapf alikimbia peke yake porini, akabeba maji katika mtutu wa bunduki na kifuko cha darubini.

Watumishi hawa wawili hawakuwa na nia moja katika kila jambo. Krapf alitaka vituo vya misheni vipangwe kama mnyororo kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann aliona heri kutulia mahali pamoja na kuwalea watu polepole. Naye alikaa Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Sisi tunaona kanisa linawahitaji wote wawili, anayekwenda na anayelea.

Na matunda? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu wa Rabai, aliyebatizwa mwaka wa 1851 akiwa karibu kufa. Miaka saba, ubatizo mmoja! Kamati nyingi za leo zingeufunga mradi huo na kuhamishia fedha kwingine. Krapf hakuhesabu hivyo.

Afya ilimrudisha Ulaya mwaka wa 1853, lakini mwaka wa 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Uzeeni aliendelea kuandika kamusi ya Kiswahili, iliyotoka mwaka wa 1882. Hakuishi kuiona. Tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal, Ujerumani, alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Wapendwa, tunayaandika haya kwa sababu yubilei pia ni wakati wa kupanga. Tuna haja nyingi: sare mpya, vyombo vya muziki, kurekodi nyimbo, na harambee ya jengo. Yote ni mema, na hatumlaumu anayeyachangia. Krapf naye alikuwa na mengi mema mkononi: sarufi, tafsiri, ramani, kamusi. Lakini kila moja alilipa kazi ya kuibeba Injili. Tujiulize kuhusu kila mradi wetu: unatufikisha kwa nani ambaye hajasikia? Sare itakayovaliwa kanisani tu, na isifike sokoni, hospitalini wala gerezani, bado haijamaliza kazi yake.

Ombi letu kwa washarika na wanakwaya ni hili: katika bajeti ya mwaka ujao, safari za uinjilisti ziandikwe mstari wa kwanza, si kwa masalio. Na tukienda, tusihesabu haraka. Huenda mwaka mzima tukampata Mringe mmoja. Tumpokee kwa wimbo.