Griffith na siri ya ufa katika jiwe

Alan Arnold Griffith alizaliwa London tarehe 13 Juni 1893, akasomea uhandisi wa mitambo Liverpool. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, aliajiriwa katika kiwanda cha ndege cha serikali huko Farnborough.

Swali lililomsumbua ni la mtoto wa shule: kwa hesabu, kioo kingestahimili nguvu kubwa mno, mbona hupasuka upesi? Alichukua mirija na tufe za kioo, akazitia nyufa kwa makusudi, kisha akaongeza shinikizo ndani yake mpaka zikapasuka. Akaona kwamba ufa ukirefushwa mara nne, nguvu inayotosha kukivunja kioo hupungua kwa nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921: ufa hukimbia pale nishati inayofunguka inapotosha kuumba nyuso mpya za ufa huo.

Nilipokuwa ukimbizini Kigoma, mwalimu alitugawia chaki mbili, moja akaikwaruza kwa wembe. Ile ya wembe ilikatika kwa vidole viwili tu. Niliporudi Burundi nikawakuta wapasua mawe wakichora mstari kwa tindo kabla ya kuinua nyundo. Fizikia ni ileile.

Mwaka 1924, katika kongamano la Delft, Griffith aligusa jiwe lenyewe, maana chini ya ardhi miamba hubanwa, haivutwi. Alionyesha kuwa hata likibanwa, ncha za nyufa zake huvutwa. Kwa hesabu yake, jiwe hustahimili kubanwa mara nane kuliko kuvutwa.

Kipimo kamili kilikuja baadaye. Katika miaka ya 1950 Mmarekani George Irwin aliigeuza hoja hiyo kuwa namba ya ukinzani dhidi ya ufa. Mwaka 1988 chama cha kimataifa cha wanamiamba kilitoa utaratibu: mche wa jiwe uliochimbwa kwa keekee hukatwa mfuo wa umbo la V, hukunjwa au huvutwa, na uzito wa juu kabisa kabla ya kuvunjika hurekodiwa.

Griffith mwenyewe alishahamia injini. Huko alikosea vibaya: mwaka 1929 aliikataa hoja ya kijana Frank Whittle, ambaye injini yake ilirusha ndege Mei 1941. Alifanya kazi Rolls-Royce kuanzia 1939 hadi 1960, akafariki tarehe 13 Oktoba 1963.