Joseph Black
Joseph Black (16 Aprili 1728 – 6 Desemba 1799) alikuwa daktari na mwanakemia wa Uskoti, aliyezaliwa Bordeaux, Ufaransa.

Akitafuta dawa ya vijiwe vya kibofu, alipima kabonati ya magnesi kwa mizani kabla na baada ya kuichoma, akakuta uzito umepungua. Unga uliobaki, ulipotiwa asidi, ulitoa chumvi ileile lakini bila mapovu. Kumbe kilichopotea motoni ndicho kinachotoka kwenye mapovu: gesi ya dioksidi kabonia. Alichapisha hayo mwaka 1756, alama za kikemia za leo zikiwa bado hazijabuniwa. Siku hizi tunaandika:

MgCO₃ + H₂SO₄ → MgSO₄ + H₂O + CO₂

Wanafunzi wengi huisahau hiyo CO₂ ya mwisho, nayo ndiyo aliyoigundua Black.

Alifundisha Glasgow, na tangu 1766 Edinburgh, alikofariki.