Boheti na Makombe ya Tendaguru

Jumapili ukivuka na feri kwenda Kigamboni, makombe unayakanyaga tu, huyaulizi kitu. Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, yako mengine yaliyogeuka jiwe. Huko ndiko alikofanya kazi Boheti bin Amrani.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Sattler, aliona mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa, na njaa ilikuwa inafagia watu wa Kusini. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin ikawatuma Janensch na Hennig. Wao wawili, wachimbaji mamia. Katikati alisimama Boheti: msimamizi mkuu, tena fundi wa kuutoa mfupa kwenye mwamba. Jamani, hiyo si kazi ya jembe. Mfupa ule una nyufa kila mahali, ukiukurupukia unabaki na changarawe mkononi. Mpaka 1913 tani zipatazo 225 zilikuwa zimechimbwa na kubebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi.

Makombe yanaingia wapi? Ardhi ya Tendaguru imepangwa tabaka juu ya tabaka: mifupa ya dinosaria, halafu mchanga wa bahari, halafu mifupa tena. Ndani ya mchanga ule mna trigonia, kombe nene lenye umbo la pembetatu, na amonaiti, jamaa ya ngisi aliyeishi kwenye gamba lililojisokota kama pembe ya kondoo dume. Mfupa peke yake ni shida kuusoma umri. Amonaiti wanasomeka, maana aina zao zilibadilika upesi na kuenea bahari nyingi. Matabaka mawili ya mbali yakiwa na aina moja, hayo ni rika. Kwa viumbe wa bahari kama hao ikajulikana kwamba dinosaria wa Lindi ni wa zama za Jura, miaka kama milioni 150 iliyopita. Amonaiti wenyewe waliisha miaka milioni 66 iliyopita.

Yule mjusi mkubwa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na bado yupo. Sattler alipewa dinosaria wake mapema, 1914: Dicraeosaurus sattleri. Boheti, aliyeshinda juani na mifupa ile, alisubiri hadi 2007, mtafiti Kristian Remes alipompa mmoja jina la Australodocus bohetii. Mnyama mwenyewe anajulikana kwa pingili mbili tu za shingo. Nazo ziko Berlin.