Ngala: Mwalimu wa Buxton aliyekunja jamvi la majimbo

Novemba 10, 1964, zikiwa zimesalia wiki chache Kenya iwe jamhuri, kiongozi wa upinzani Ronald Gideon Ngala alisimama katika Baraza la Wawakilishi, akatangaza kuwa chama chake cha KADU kimevunjwa, kisha akahamia upande wa serikali. Kwa hatua hiyo upinzani rasmi ulikoma, na mfumo wa majimbo alioupigania kwa miaka minne ukabaki bila mtetezi.

Tangazo hilo lilitolewa Nairobi, lakini uzito wake ulifika Mombasa. Mji huo wa kisiwani ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Pwani, lililokuwa na baraza lake la kutunga sheria. Baraza hilo lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika kijiji cha Vishakani karibu na Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Alisoma Kaloleni na Shimo la Tewa, akaendelea katika Shule ya Upili ya Alliance na hatimaye Chuo cha Makerere, Uganda, alikohitimu ualimu. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kuhusu nchi na desturi za Wagiriama, kwa lugha ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton, kisiwani Mombasa.

Mombasa aliyoikuta ilikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja ulikuwepo mji wa kazi, wa bandari ya Kilindini na reli, uliojaa vibarua kutoka bara na kutoka vijiji vya Mijikenda. Upande wa pili ulikuwepo Mji wa Kale, wenye misikiti yake, kadhi wake na liwali wake. Juu ya Ngome ya Yesu, iliyokuwa jela hadi mwaka 1958, ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa mwaka 1895, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani, Uingereza ikiutawala kwa niaba yake na kumlipa kila mwaka.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa wanane. Ngala aliingia kwa kiti cha Pwani, akaketi pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na wengineo. Alipata sifa ya kuwa mpole na msikivu, na wajumbe waliposafiri kwenda London kwa mkutano wa katiba wa Lancaster House mapema mwaka 1960, yeye ndiye aliyeuongoza ujumbe wa Waafrika.

Umoja huo haukudumu. KANU ilipoundwa Mei 1960, Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina hali hayupo nchini. Aliporejea aliukataa wadhifa huo, na mwezi uliofuata yeye, Moi, Muliro na viongozi wengine waliunda KADU huko Ngong. Hoja yao ilikuwa wazi: makabila madogo yasipokuwa na kinga katika katiba, yatamezwa na makubwa. KADU ilishindwa na KANU katika uchaguzi wa Februari 1961, lakini KANU ilipogoma kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajafunguliwa, Ngala alikubali jukumu hilo akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wapinzani wake hawakumsamehe kwa hilo, ijapokuwa Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, Ngala akiwa bado madarakani.

Nyumbani Pwani alikabiliwa na mtihani mwingine. Katika Mji wa Kale, Malindi na Lamu, wengi waliunga mkono vuguvugu la Mwambao, lililotaka ukanda wa maili kumi uwe na utawala wake au urudi kwa Sultani. Waliogopa kwamba serikali ya Nairobi ingeipuuza dini yao, mahakama zao na milki zao. Ngala aliielewa hofu ya wachache, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya aunde chama. Hata hivyo aliipinga Mwambao. Maelfu ya Mijikenda walikuwa wakiishi kama maskwota katika mashamba ambayo hati zake, tangu sheria ya mwaka 1908, zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Kwao, Mwambao ulimaanisha kubaki chini ya wenye mashamba.

Jibu lake lilikuwa jimbo moja la Pwani, kisiwa na bara pamoja, ndani ya Kenya. Tume ya Sir James Robertson ilipendekeza mwishoni mwa mwaka 1961 kuwa ukanda huo uunganishwe na Kenya, na mkutano wa pili wa Lancaster House wa mwaka 1962 ukakubali majimbo. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana rasmi: Sultani aliuachia ukanda, nayo Kenya ikaahidi kulinda uhuru wa dini na mahakama za kadhi.

Chini ya katiba hiyo nchi iligawanywa katika majimbo saba na eneo la Nairobi. Mabaraza ya majimbo yalipewa mamlaka juu ya mambo kama elimu ya msingi, serikali za mitaa na sehemu ya usimamizi wa ardhi. Katika uchaguzi wa Mei 1963, KANU ilishinda kitaifa na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Mamlaka yalikuwa kwenye maandishi, lakini makarani na fedha vilitoka serikali kuu. Serikali ya Kenyatta, ambayo haikuwahi kuupenda mfumo huo, ilichelewesha kuyakabidhi majimbo mamlaka yake.

Agosti 1964 Kenyatta alitangaza kuwa Kenya itakuwa jamhuri ifikapo Desemba 12. Mswada wa kuibadilisha katiba ulifika bungeni, na katika wiki za mwisho mjadala ukawa mkali. Vifungu vilivyolinda msingi wa majimbo vilihitaji asilimia 75 ya kura katika Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti. Seneti ilikuwa na wajumbe 41. Wajumbe watano tu waliosimama imara wangetosha kuuzuia.

Kwa hesabu hiyo Ngala alikuwa na ngao. Lakini wabunge wake walikuwa wakihamia KANU mmoja baada ya mwingine, wakivutwa na vyeo na hofu ya kuachwa nje ya maendeleo. Serikali nayo ilitishia kuitisha kura ya maoni, ambayo ingeweza kuamsha uhasama wa kikabila katika nchi changa. Ngala alichagua kusalimu amri kabla ya kuvunjwa. Alitaja umoja wa taifa kuwa sababu. Waliomheshimu waliona ni hekima, na waliomwamini Pwani wakaona wameachwa njiani. Kila upande ulikuwa na haki yake, maana aliepusha mgongano, lakini hakupata badala yake ahadi yoyote ya kisheria kwa Pwani.

Yaliyofuata yalikuja kwa mpangilio. Majimbo yaligeuzwa mikoa, Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 1966, na kufikia mwaka 1968 mabaraza ya mikoa yalikuwa yamefutwa katika katiba. Ngala mwenyewe alipewa nafasi. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi 1966, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa chama, kisha akawa waziri.

Desemba 12, 1972, siku ya Jamhuri, gari lake lilipata ajali karibu na Konza katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Dereva alisema nyuki waliingia ndani ya gari. Ngala alifariki siku ya Krismasi. Wengi Pwani hawakuridhika na maelezo hayo, na habari ya nyuki imesimuliwa kwa shaka tangu wakati huo.

Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 ilirudisha Seneti na kuunda serikali za kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kisiwa cha Mombasa kikapata tena baraza la kutunga sheria, na mahakama za kadhi zikabaki. Lakini Jimbo la Pwani alilolitetea Ngala sasa ni kaunti sita, na suala la maskwota wa ukanda wa maili kumi, lililomfanya akatae Mwambao na kudai majimbo, halikumalizwa na katiba ya 1963, na hata ya 2010 haijalimaliza.