ABU BAKR AR-RAZI, TABIBU WA MWILI NA ROHO



Wako kati yetu wanaosema kwamba hospitali inatosha. Wako na wanaoacha dawa za daktari wakategemea mitishamba na kisomo peke yake. Maisha ya tabibu mmoja wa zamani yanawajibu wote.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa karibu na mwaka 865 huko Rayy, jirani na Tehran ya leo. Aliongoza hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad. Hakukubali tiba kwa sababu tu imezoeleka. Wagonjwa wenye dalili za ugonjwa wa ubongo aliwagawa: baadhi aliwatoa damu, wengine akawaacha, ili aone tofauti. Tiba ile imeachwa, lakini kulinganisha wagonjwa ndiyo njia ya kupima dawa hata leo. Aliandika pia jinsi ya kutofautisha ndui na surua, na surua bado inasumbua watoto wa Kivu.

Lakini hakuishia kwenye mwili. Alimwandikia Mansur bin Ishaq, liwali wa Rayy, vitabu viwili vinavyokwenda pamoja: kimoja cha tiba ya mwili, kingine cha tiba ya roho, kinachoeleza hasira, husuda, ulevi, huzuni na hofu ya kifo. Maskini wasioweza kumfikia tabibu nao aliwaandikia kitabu cha dawa zinazopatikana kwa urahisi. Uzeeni alipofuka macho, akafariki mwaka 925 kwa kauli ya wengi.

Tofauti ndiyo hiyo. Tiba ya kawaida inauliza ni kiungo gani kinauma, na dawa gani imethibitika. Tiba kamili inauliza hayo hayo, kisha inaongeza: unakula nini, unalala, unaogopa nini, nyumbani kukoje? Haifuti ile ya kwanza. Hapa kwetu Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999, inawahudumia hivyo wanawake walioumizwa kwa ubakaji: upasuaji na dawa, faraja ya moyo, msaada wa sheria, na mafunzo ya kazi ya kujitegemea.

Basi, mtoto akishikwa na homa, apelekwe kituo cha afya mapema, na dua iende naye. Na aliyekwisha kupewa dawa tumtembelee, tujue kama amekula.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.